Sauti imepotea, skrini imeganda: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu kwenye Linux

Laptopu ikiwa bubu baada ya sasisho, wengi wetu hukimbilia mtandaoni, tukanakili amri ya kwanza tunayokutana nayo, halafu ya pili, halafu ya tano. Mwishowe ugonjwa uko pale pale, umeongezewa majeraha mapya, na hakuna anayekumbuka kilichobadilishwa. Amri zenyewe aghalabu si mbaya. Ziliandikwa miaka kadhaa nyuma, enzi ambazo seva ya sauti, yaani programu inayopokea sauti za programu zote na kuzipeleka kwenye spika, ilikuwa PulseAudio. Leo Linux nyingi zinatumia PipeWire: Fedora tangu toleo la 34 la mwaka 2021, Ubuntu tangu 22.10, Linux Mint tangu 22 ya mwaka 2024. Ukiandika `killall pulseaudio` kwenye mashine ya namna hiyo, hakuna kitakachokufa na hakuna kitakachopona.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja: usirekebishe kitu mpaka ujue tabaka gani limekatika. Fundi umeme aliyeitwa kwa sababu ya taa ya sebuleni hafumui nyaya za nyumba nzima. Anapima kuanzia mita, anakuja swichi, anamalizia holda, na pale umeme unapoishia ndipo anapotoa bisibisi.

Amri zote hapa zinaandikwa kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Zile zenye `sudo` zitadai nenosiri lako. Mifano ya kusakinisha ni ya `apt`, yaani Debian, Ubuntu na Mint. Wa Fedora aweke `dnf` mahali pake.

## Kabla ya kugusa chochote

Anza na swali la daktari: ilianza lini, na kabla ya hapo kulifanyika nini? Mfumo wenyewe una kumbukumbu. Kwenye jamii ya Debian soma:

`less /var/log/apt/history.log`

Kwenye Fedora ni `dnf history`. Ukiona kerneli (kiini cha Linux), PipeWire au draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha ya Nvidia imesasishwa siku ile ile tatizo lilipoanza, tayari una mshukiwa.

Kisha zima mashine kabisa, hesabu hadi kumi, uiwashe. Kuzima ni tofauti na kuwasha upya, hasa kwa wenye Windows na Linux kwenye diski moja. Windows ina kipengele cha kuwaka haraka ambacho hakizimi vifaa kikamilifu, na chipu ya sauti inaweza kukabidhiwa Linux ikiwa katika hali ambayo draiva haiielewi. Zima kipengele hicho ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya umeme. Wako watu wamehangaika wiki nzima na spika kumbe tatizo liko upande wa pili wa diski.

Jaribio la tatu ndilo ninaloliamini kuliko yote: washa mashine kwa flashi yenye Linux ya kujaribia, ile ile uliyosakinishia au ya toleo jipya zaidi. Usisakinishe kitu, fungua tu video na usikilize. Sauti ikitoka, vifaa vyako ni vizima na kosa liko kwenye mfumo uliosakinishwa. Isipotoka hata hapo, shuku vifaa au draiva, na usipoteze usiku mzima ukibadilisha mipangilio ya mtumiaji. Kwa anayenunua laptopu ya mtumba, jaribio hili lifanyike dukani kabla pesa haijatoka mfukoni: spika, maiki, kamera, Wi-Fi, tundu la hedifoni.

Mwisho, fungua faili la maandishi na uandike kila unachobadilisha. Badilisha kitu kimoja, jaribu, na kama hakikusaidia kirudishe kilivyokuwa.

## Njia ambayo sauti inapita

Wimbo unaouchezesha kwenye Firefox unapita vituo vinne kabla haujafika sikioni. Cha kwanza ni programu yenyewe. Cha pili ni seva ya sauti, PipeWire, pamoja na msaidizi wake WirePlumber anayeamua sauti ya nani iende wapi. Cha tatu ni ALSA, sehemu ya kerneli inayozungumza na kadi. Cha nne ni chipu, nyaya na spika. Tutaanza chini na kupanda juu, maana kurekebisha PipeWire wakati kerneli haioni kadi ni kazi bure.

### Je, kerneli inaiona kadi?

`aplay -l`

Jibu zuri litakuwa na mstari unaofanana na huu: `card 0: PCH [HDA Intel PCH], device 0: ALC257 Analog`. Hiyo ALC ni chipu ya Realtek, ambayo utaikuta kwenye laptopu nyingi. Zingatia kama orodha ina HDMI peke yake. Hapo sauti ya skrini ya nje imeonekana lakini spika za ndani hazijaonekana.

Ukiambiwa hakuna kadi, shuka hatua moja zaidi:

`lspci -nnk | grep -iA3 audio`

Unatafuta mstari wa `Kernel driver in use`. Kifaa kikiwa kwenye orodha bila mstari huo, draiva haijakamata. Kifaa kisipokuwepo kabisa, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Linux haijawaka) uangalie kama sauti imezimwa huko.

Laptopu za Intel za kuanzia mwaka 2019 au 2020 hivi, hasa zenye maiki za kidijitali juu ya skrini, zina jambo lao. Sauti yake inapitia kichakataji kidogo ambacho lazima kipakiwe fimwea (programu ya ndani ya kifaa) iitwayo Sound Open Firmware, kwa kifupi SOF. Fimwea isipokuwepo, kadi haiwaki. Angalia:

`sudo dmesg | grep -iE 'sof|snd|hda'`

Mstari wa aina ya `Direct firmware load for intel/sof/sof-tgl.ri failed with error -2` unakupa jibu lote: kerneli imeomba faili, na -2 maana yake faili halipo. Kwenye Debian sakinisha hivi:

`sudo apt install firmware-sof-signed`

Kwenye Debian 12 na kuendelea, hakikisha kwanza sehemu ya `non-free-firmware` imo kwenye orodha ya vyanzo vyako. Fedora wanakiita kifurushi hicho `alsa-sof-firmware`, Arch wanakiita `sof-firmware`. Zima mashine kabisa baada ya hapo, uiwashe.

Fimwea ikiwepo na bado mambo hayaendi, unaweza kuilazimisha kerneli itumie draiva ya zamani. Tengeneza faili `/etc/modprobe.d/sauti.conf` na uandike ndani yake:

`options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1`

Spika zinaweza kurudi, ila maiki za ndani huenda zikafa, kwa kuwa hizo zinapitia kichakataji kile kile ulichokikwepa. Ndiyo sababu sipendi kuona amri hii ikitolewa mtandaoni kama dawa ya kila mtu. Ni njia ya dharura kwa mwenye maiki ya USB.

### Je, kuna kitu kimenyamazishwa?

Kadi imeonekana, sauti hakuna. Fungua:

`alsamixer`

Bonyeza F6 kwanza na uchague kadi yako halisi, kwa kuwa ukurasa unaofunguka mwanzoni ni wa PipeWire na una mstari mmoja tu usiokuambia kitu. Tembea kwa mishale. Chaneli yenye `MM` chini yake imenyamazishwa. Bonyeza M igeuke `00`. Kagua Master, Speaker na Headphone, zote tatu. Ukienda mwisho kulia unaweza kukuta `Auto-Mute Mode`, ambayo hunyamazisha spika hedifoni zinapochomekwa. Ukiizima na spika zikapiga ghafla, umemkamata mwizi: kitambuzi cha tundu la hedifoni kinadhani kuna waya ndani. Kwenye laptopu za mtumba chanzo mara nyingi ni vumbi au bati lililopinda. Chomeka na uchomoe hedifoni mara kadhaa, puliza kwa hewa ya kopo. Ukimaliza hifadhi hali hiyo:

`sudo alsactl store`

Sasa jaribu spika. Funga programu zote zinazotoa sauti na usubiri sekunde chache ili PipeWire iachie kadi, halafu:

`speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 -t wav`

Namba ya kwanza ni ya kadi, ya pili ni ya kifaa, zote ulizisoma kwenye `aplay -l`. Ukisikia sauti ikitaja kushoto na kulia, vituo viwili vya chini viko sawa na tatizo liko juu. Ukiambiwa kifaa kinatumika, `fuser -v /dev/snd/*` itakutajia anayekishikilia.

### Je, PipeWire iko hai, na inapeleka sauti wapi?

`systemctl --user status pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Huduma hizi ni za mtumiaji, si za mfumo mzima. Ukiandika `sudo systemctl restart pipewire` utaambiwa huduma haipo, na wengine wakiona hivyo wanaanza kusakinisha upya kitu ambacho kipo. Ondoa `sudo`, weka `--user`:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Kama huna uhakika unatumia PipeWire au PulseAudio, `pactl info` itakuambia kwenye mstari wa `Server Name`. Usishangae kuona `PulseAudio (on PipeWire ...)`. Hiyo ni PipeWire inayojibu kwa lugha ya PulseAudio ili programu za zamani zisikwame.

Amri nitakayokuomba uikariri ni hii:

`wpctl status`

Chini ya `Audio` kuna `Devices`, yaani kadi, `Sinks`, yaani mahali sauti inapotokea, na `Sources`, yaani maiki. Nyota ndogo inaonyesha kilichochaguliwa sasa. Nyota ikikaa kwenye HDMI wakati wewe unasubiri spika za laptopu, sauti inatoka vizuri kabisa, ila inaelekea kwenye runinga ambayo haina spika au imezimwa. Chukua namba ya spika, mathalani 52, uandike:

`wpctl set-default 52`

Kilichonyamazishwa kitaandikwa `MUTED`, na utakifungua hivi:

`wpctl set-mute @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 0`

Ukikuta `Dummy Output` peke yake, PipeWire inaishi lakini haijakabidhiwa kadi yoyote. Kama `aplay -l` ilikuonyesha kadi, sababu ni mojawapo ya tatu: WirePlumber imeanguka, programu nyingine imeishikilia kadi, au wasifu wa kadi umewekwa `Off`. La tatu ndilo rahisi kulirekebisha. Sakinisha `pavucontrol`, nenda kwenye kichupo cha `Configuration` na uchague `Analog Stereo Duplex` au kinachofanana nacho. Kwa WirePlumber, soma malalamiko yake:

`journalctl --user -u wireplumber -b`

WirePlumber hukumbuka chaguo zako za zamani, na kumbukumbu hiyo ikiharibika inang'ang'ania kifaa ambacho hakipo tena. Ihamishe, usiifute:

`mv ~/.local/state/wireplumber ~/.local/state/wireplumber.zamani`

Halafu washa upya huduma zile tatu.

Ushauri mmoja wa mtandaoni uukwepe hapa: kujiongeza kwenye kundi la `audio`. Mfumo wa kisasa humpa ruhusa ya kadi mtu aliyeingia kwenye mashine, na kujiongeza huko hakukusaidii kitu. Kunaweza hata kumkosesha sauti mtumiaji mwingine wa mashine hiyo hiyo. Mwingine ni kufuta PulseAudio kwa `purge` bila kusoma orodha ya vitakavyoondoka nayo. Orodha hiyo isome hadi mwisho, maana unaweza kukuta desktopu nzima inafungasha virago.

### Programu moja tu ndiyo iliyo bubu

Muziki unapiga kwenye VLC, kivinjari kimya. Fungua `pavucontrol`, kichupo cha `Playback`, huku video ikicheza. Kila programu ina mstari wake: pengine imenyamazishwa peke yake au imeelekezwa kwenye kifaa kingine. Kama programu ilisakinishwa kwa Flatpak au Snap, mifumo inayoifungia kila programu ndani ya mipaka yake, angalia ruhusa zake. Kwa Snap, `snap connections` ikifuatiwa na jina la programu itakuonyesha kama imeruhusiwa kutumia sauti na maiki.

## Sauti ipo, lakini inakwaruza

Kuna mikwaruzo ya aina mbili, na dawa zake ni tofauti.

Ya kwanza ni mlio wa "tik" sauti inapoanza au muda mfupi baada ya kunyamaza. Hiyo ni chipu inayolala ili kuokoa betri na kuamka tena. Jaribu kuikataza isilale:

`echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

Mlio ukikoma, fanya hali hiyo iwe ya kudumu kwa kuongeza mstari huu kwenye `/etc/modprobe.d/sauti.conf`:

`options snd_hda_intel power_save=0`

Mwenye programu ya kuokoa betri iitwayo TLP aikague nayo, kwa sababu ina mipangilio yake ya kulaza sauti na itakupiku.

Aina ya pili ni mkatiko wa mara kwa mara wimbo ukiendelea, hasa kichakataji kikiwa na mzigo. Hapa PipeWire inaishiwa data kabla programu haijaleta nyingine. Fungua `pw-top` na utazame safu ya `ERR` huku wimbo ukicheza. Namba zikipanda, ongeza ukubwa wa bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048`

Kwa sauti ya sampuli 48000 kwa sekunde, sampuli 1024 ni kama milisekunde 21, na 2048 ni kama 43. Kwa muziki na filamu hutahisi tofauti. Kwa anayepiga kinanda cha MIDI au anayerekodi huku akijisikiliza, ucheleweshaji huo unakera. Kurudisha kama zamani andika amri ile ile na 0 mahali pa 2048. Bafa kubwa ikikufaa, tengeneza faili `~/.config/pipewire/pipewire.conf.d/10-bafa.conf` lenye mistari hii:

```
context.properties = {
    default.clock.min-quantum = 2048
}
```

Ukiwa na kadi ya sauti ya USB, kabla ya yote hayo badilisha tundu na uichomeke moja kwa moja kwenye mashine. Vigawanyaji vya USB vya bei rahisi vimeshasababisha lawama nyingi kwa PipeWire isiyo na hatia.

## Hedifoni za Bluetooth

Malalamiko makubwa ni moja: sauti ilikuwa tamu, mkutano wa mtandaoni umeanza, ghafla kila kitu kinasikika kama simu ya mezani. Hilo si hitilafu ya Linux. Bluetooth ya kawaida ina wasifu wa A2DP, wenye sauti nzuri lakini usio na maiki, na wasifu wa HFP wenye maiki lakini sauti ambayo kwa kawaida ni ya kilohezi 8 au 16 tu. Programu ikifungua maiki ya hedifoni, mfumo unahamia wa pili. Njia ninayoipendekeza ni kuchagua maiki ya laptopu kama chanzo cha sauti ndani ya programu ya mkutano na kuacha hedifoni zisikilize tu.

Zisipounganika kabisa, hakikisha kifurushi `libspa-0.2-bluetooth` kipo kwenye Debian au Ubuntu, na `rfkill list` haionyeshi Bluetooth imefungwa. Halafu ondoa uhusiano wa zamani ndani ya `bluetoothctl` kwa `remove` na anwani ya kifaa, na uunganishe upya. Zima pia Bluetooth ya simu yako wakati wa kujaribu. Hedifoni nyingi hurukia simu zilizoizoea kabla laptopu haijapata nafasi.

## Tukija kwenye desktopu

PipeWire ilianza mwaka 2015 mikononi mwa Wim Taymans wa Red Hat kwa ajili ya video. Sauti ilifuata baadaye. Mpaka leo, ukishiriki skrini yako kwenye Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, mrithi wa X11), picha inapita humo humo. Kwa hiyo sauti na kushiriki skrini vikifa siku moja, usiwe na kesi mbili. Rudi kwenye `systemctl --user status pipewire` kwanza. Sauti ikiwa nzima na skrini ikionekana nyeusi kwa wenzako, mshukiwa ni lango la desktopu, programu inayozipa nyingine ruhusa ya kuona skrini:

`systemctl --user restart xdg-desktop-portal`

Hakikisha pia una kifurushi cha lango kinachoendana na mazingira yako ya desktopu: `xdg-desktop-portal-gnome` kwa GNOME, `xdg-desktop-portal-kde` kwa Plasma. Ili kujua kama uko kwenye Wayland au X11, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`.

### Skrini imeganda

Usishike kitufe cha kuzimia bado. Jaribu kama kipanya kinasogea. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, kwenye laptopu nyingine lazima ushike na Fn. Ukiona skrini nyeusi inayokuomba jina na nenosiri, kerneli ni nzima na kilichoganda ni desktopu peke yake. Ingia, utazame:

`free -h`
`df -h`
`top`

Kwenye mashine ya RAM ya gigabaiti 4, kivinjari chenye vichupo arobaini ndicho jibu mara nyingi kuliko kosa lolote la Linux. Kiue kwa `pkill firefox` na urudi kwenye desktopu kwa Ctrl+Alt+F2, F1 au F7 kulingana na mfumo wako.

Kama tatizo ni desktopu yenyewe, jaribu kuiwasha upya bila kufunga kazi zako. Plasma: `systemctl --user restart plasma-plasmashell`. Cinnamon: Ctrl+Alt+Esc. XFCE: `xfce4-panel -r` kwa paneli, au `xfwm4 --replace` kwa msimamizi wa madirisha, zote zikiandikwa ndani ya desktopu. GNOME ya X11: Alt+F2, andika r, Enter. GNOME ya Wayland haina njia hiyo, na hapo inabidi uanzishe upya kila kitu, ukikubali kupoteza ambacho hujahifadhi:

`sudo systemctl restart display-manager`

Ctrl+Alt+F3 isipojibu, bado kuna mlango mmoja. Kama `openssh-server` ilikuwa imesakinishwa mapema, unaweza kuingia kutoka kwenye simu kwa Termux, vifaa vyote viwili vikiwa kwenye mtandao mmoja. Nje ya hapo shika Alt na SysRq, yaani kitufe cha PrtSc, ubonyeze S, U, B kwa mfuatano, ukisubiri sekunde mbili kati ya kila kimoja. Mfumo wako ukiwa unaruhusu vitufe hivyo, diski inaandika kilichobaki, inafungwa isiandikwe tena, mashine inajiwasha upya. Ni afadhali mara mia kuliko kukata umeme.

Ukisharudi, usiendelee na kazi kama vile hakuna kilichotokea. Soma kilichoandikwa kabla ya kuganda:

`journalctl -b -1 -p err`

Hiyo `-1` inamaanisha kipindi kilichopita cha kuwaka. Ukitafuta kuishiwa RAM, `journalctl -k -b -1 | grep -i "out of memory"`.

### Unaingiza nenosiri, unarudishwa kwenye nenosiri

Nenosiri ni sahihi, skrini inapepesa, unarudi ulikotoka. Ingia kwa Ctrl+Alt+F3 na uanze na `df -h`. Diski ikiwa imejaa asilimia 100 desktopu haiwezi kuandika mafaili yake ya mwanzo. Punguza:

`sudo apt clean`
`sudo journalctl --vacuum-size=200M`

Nafasi ikiwepo, angalia mmiliki wa mafaili yako:

`ls -la ~ | grep root`

Mtu aliyewahi kufungua programu ya picha kwa `sudo` anaweza kukuta `.Xauthority` au `.ICEauthority` limehamia kwa root, msimamizi mkuu wa mfumo. Lirudishe kwa `sudo chown $USER: ~/.Xauthority`.

Umeme ukiwa umekatika ghafla kabla ya tatizo kuanza, hasa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kagua kama diski imefungwa isiandikwe: `findmnt /` ikionyesha `ro` mwanzoni mwa sehemu ya `OPTIONS`, ndiyo yenyewe. Washa kwa flashi, tambua sehemu ya diski kwa `lsblk`, na uitengeneze ikiwa haijapachikwa, kwa mfano `sudo fsck -f /dev/sda2`. Soma jina la sehemu mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

### Mipangilio yako au mfumo?

Paneli zimepotea, aikoni zinarukaruka, dirisha halifunguki. Tengeneza mtumiaji mpya uingie kama yeye:

`sudo adduser jaribio`

Kwake kila kitu kikiwa sawa, kosa liko kwenye folda yako ya nyumbani. Kwenye GNOME zima kwanza viendelezi vyote, kwa kuwa toleo jipya la GNOME huvivunja mara kwa mara:

`gsettings set org.gnome.shell disable-user-extensions true`

Wa XFCE ahamishe `~/.config/xfce4` akiwa nje ya desktopu. Kwa GNOME na Cinnamon chukua nakala kwa `dconf dump / > dconf-zamani.ini`, kisha `dconf reset -f /org/gnome/` au `/org/cinnamon/`. Kosa likimfuata hata mtumiaji mpya, ni la mfumo. Ukimaliza mwondoe: `sudo deluser --remove-home jaribio`.

### Skrini nyeusi baada ya sasisho

Wakati wa kuwaka shika Shift au gusa Esc, orodha ya GRUB, kiwashaji cha Linux, itokee, chagua `Advanced options` na kerneli ya zamani. Ikiwaka vizuri, umeshapata mkosaji, na unaweza kufanya kazi zako kwa kerneli hiyo huku ukisubiri marekebisho.

Wenye Nvidia wana sababu yao maalumu: kerneli imebadilika, moduli ya Nvidia haijajengwa upya, au imejengwa lakini Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka) imeikataa kwa kukosa saini. Kwenye GRUB bonyeza e, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, bonyeza F10. Ukishaingia:

`dkms status`
`mokutil --sb-state`

Ubuntu na Mint wana `ubuntu-drivers devices` inayokutajia draiva inayopendekezwa. Kisakinishi kinachopakuliwa kwenye tovuti ya Nvidia kiache. Kinaandika mafaili ambayo `apt` haiyajui, na sasisho lijalo utakuwa hapa hapa tena.

Skrini ya Intel inayopepesa bila mpangilio inaweza kutulizwa kwa `i915.enable_psr=0`, inayoongezwa kwenye mstari ule ule. Ijaribu kupitia GRUB mara moja kwanza kabla ya kuiweka kwenye `/etc/default/grub` na kuendesha `sudo update-grub`.

## Ukishindwa, ripoti vizuri

Umefika hapa na bado mashine ni bubu? Basi huenda umekutana na kosa halisi, na watengenezaji wanahitaji ushahidi. Wape kerneli (`uname -r`), toleo la mfumo, seva ya sauti na toleo lake, na aina ya desktopu. `inxi -Fxz` inakusanya mengi ya hayo kwa mkupuo, na herufi z huficha anwani na namba za mfululizo (serial) za vifaa vyako. Kwa sauti ongeza ripoti ya `alsa-info --no-upload`, ambayo kwenye baadhi ya mifumo huitwa `alsa-info.sh`, faili lake huwekwa kwenye `/tmp`.

Andika ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea, pamoja na matokeo ya flashi na ya mtumiaji mpya. Sentensi kama "kwenye kerneli ya zamani inafanya kazi, kwenye mpya haifanyi" ina thamani kuliko kurasa tano za hasira. Baada ya kutuma, iache mashine katika hali ile ile mpaka ujibiwe, kwa sababu karibu kila mara watakuomba upime kitu kingine.